Jembe la Mgeni

Hotuba niliyoitoa Igoma, Mwanza, tarehe 15 Mei, Siku ya Familia. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na nimeyaacha humo hata yale niliyoyasema nje ya karatasi, kwa sababu ndiyo watu wanayonikumbusha njiani.

Mwangaluka! Hapana, salamu yetu ya Kisukuma mmeijibu kwa sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Mwangaluka! Haya, wabeja, ahsanteni.

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, viongozi wetu wa dini, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojibanza kwenye kivuli cha mwembe, mahali ambapo mimi ndiye nilistahili kuwekewa kipaza sauti: shikamooni walionizidi umri, maana mmebaki wachache, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimepewa dakika 30. Mshereheshaji ameniambia nikipitiliza atafungulia muziki. Nimemwambia mimi nimefundisha miaka 34, darasa la watoto 90, sijawahi kushindwa na kelele. (Kicheko)

Katika miaka hiyo, sehemu kubwa nilifundisha sayansi kimu. Vijana hapa hawalijui somo hilo hata kwa jina. Tulifundisha kupika, kufua, kushona, kupanga chumba, kumtunza mgonjwa nyumbani. Walimu wa hesabu walikuwa wakituita walimu wa vitumbua, na mimi sikuona tusi. Insha mbaya unaifunika ndani ya daftari. Kitumbua kikikataa kuumuka kinakuumbua mbele ya watu wote.

Siku hii iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1993, na kila mwaka tunakutana tunaambiwa habari za malezi, za ndoa, za ukatili majumbani. Waliotangulia wameyasema hayo vizuri kuliko ningeyasema mimi. Mimi nina jambo dogo, la kutembeleana. Nataka kusema kwamba tumeliharibu wenyewe, tena kwa ukarimu.

Nianze kwangu. Dada yangu ameolewa Ukerewe, pale Nansio. Shemeji ni mvuvi wa dagaa. Wanaojua kazi hiyo wanajua kwamba dagaa huvuliwa gizani: taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata taa, wanazungushiwa wavu. Mwezi ukijaa, taa inakosa kazi, na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo kwetu sisi wageni hawaji kwa kalenda ya ukutani. Wanakuja na mbalamwezi. Nikitoka nje usiku nikaona mwezi umekaribia kujaa juu ya mawe, narudi ndani kuangalia unga umebaki kiasi gani kwenye debe. (Kicheko)

Miaka michache iliyopita alikuja dada peke yake, shemeji akabaki kushona nyavu. Akakaa siku saba. Nilikuwa nimejiandaa vilivyo. Nimenunua sato wakubwa kule Mwaloni Kirumba, nina mchele, nina kreti ya soda, nimetandika yale mashuka ambayo kila nyumba inayo na hakuna anayeyalalia. Na dada alipoingia nikamwambia lile neno letu sote: "Wewe kaa, dada, pumzika."

Akakaa. Kwenye kochi, begi lake miguuni, kama mtu anayesubiri namba yake iitwe benki. Akija jikoni, namrudisha, utachafuka. Akishika ufagio, nampokonya. Siku saba nimekaanga, nimepika pilau, nimekaanga tena. Ikifika jioni mimi nimechoka hoi, nasinzia hata kabla ya taarifa ya habari, na yeye anabaki kutazama tamthilia ambayo hajui ilianzia wapi na hatakuwepo ikiisha.

Siku ya kuondoka nikamsindikiza bandarini. Tumesimama kwenye foleni ya kupanda meli, akanishika kiganja akasema, "Mdogo wangu, nimekula vizuri sana. Ila wiki nzima nimekuwa natazama mgongo wako."

Akapanda. Kwenda Nansio ni saa tatu na ushee majini. Mimi nikapanda daladala kurudi huku Igoma, na niwaambie ukweli, nilikuwa nimekasirika. Mafuta lita tano! Sato wale! Ilipita karibu wiki ndipo nikaelewa kwamba hakulalamikia chakula.

Sasa tunayo methali ambayo kila mtu hapa anaijua. Mgeni siku mbili... ("Siku ya tatu mpe jembe!") Enhe. Na tunaitumiaje? Mgeni akizidisha siku, tunaisema jikoni kwa sauti ya kati, ili asikie kama hasikii. Jembe la wazee tumeligeuza kijembe. (Kicheko, makofi)

Mwalimu Nyerere, mtoto wa huku huku ziwani, mwaka 1962 alipokuwa akieleza ujamaa ni kitu gani aliitumia methali hii, na akaongeza jambo ambalo wengi wamelisahau: kwamba mgeni wa zamani alikuwa akiomba jembe mwenyewe kabla hajapewa, maana angeona aibu kuendelea kukaa bure. Yeye alikuwa anazungumzia kazi na unyonyaji, mambo ya nchi. Mimi naiomba methali hiyo kwa muda, niipeleke jikoni.

Maana fikirini, nani anapewa jembe? Mtu usiyemjua humpi jembe. Unampa kiti, unampa maji, unamkaribisha chakula, na macho yako hayamwachii. Jembe unampa mtu unayejua hatakukatia mihogo. Sisi Wasukuma ndio tungekuwa wa mwisho kuliona jembe ni fedheha, tumelicheza kabisa. Bugobogobo ni nini? Ni majembe na ngoma, watu wanalima kwa mdundo. Halafu dada yangu wa tumbo moja namnyang'anya ufagio! Nilidhani namheshimu. Nilikuwa namwambia, kwa vitendo, kwamba hapa si kwao.

Basi alipotaka kuja tena, nilimpigia simu mapema. Nikasema, "Dada, safari hii njoo na nguo za udongo."

Jiko langu la nje lilikuwa mafiga matatu, moshi unakwenda unakotaka wenyewe. Tukaamua kujenga jiko banifu, lile la udongo lenye mdomo mmoja wa kuni na matundu mawili ya sufuria. Udongo wa kichuguu tuliupata shambani kwa jirani, madebe manne. Tukautwanga, tukauchekecha kutoa mizizi na vijiwe, tukachanganya na mchanga kidogo na nyasi kavu zilizokatwakatwa urefu wa kidole. Tukamwagia maji. Halafu udongo ule haukandwi kwa mkono, utachoka. Unakanyagwa.

Sasa piga picha. Mabibi wawili, mmoja ana miaka 71 na mwingine 66, wamepandisha khanga hadi magotini, wameshikana mabega wasiteleze, wanakanyaga tope nyuma ya nyumba. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama kuna usalama. (Kicheko)

Tulikanyaga asubuhi nzima. Na ndani ya tope lile, dada akiwa anatazama miguu yake, akaniambia kwamba mwaka ule nilipochaguliwa kwenda sekondari, mama aliuza blanketi lake la pekee ili sare yangu ipatikane. Akalala na gunia msimu mzima wa baridi ya Juni. Mimi nilikuwa sijui. Mama amefariki, nimezeeka, nimestaafu, nilikuwa sijui. Dada hakuficha; haikutokea tu siku ya kulisema. Lingesemwa saa ngapi? Kwenye kochi, katikati ya matangazo ya sabuni?

Nikaendelea kukanyaga. Ningefanya nini kingine?

Kesho yake tukajenga. Unaweka sufuria zenyewe mahali pake, kubwa ya ugali na ndogo ya mboga, unajenga udongo kuzizunguka, na kila baada ya muda unazizungusha kidogo zisigande. Unachimba mdomo wa kuni, unatoboa njia ya moto kutoka sufuria ya kwanza hadi ya pili, na nyuma unaacha tundu la moshi. Tulilisugua kwa jiwe laini mpaka likang'aa kama pembe ya nyati. Lilikuwa jiko zuri kuliko lolote nililowahi kuwafundisha wanafunzi.

Halafu mimi, mwalimu wa sayansi kimu wa miaka 34, nikaliwasha siku ya pili.

Jiko la udongo linakaushwa kivulini, taratibu, wiki mbili, hata tatu. Kila ufa mdogo ukitokea unaupaka udongo mwepesi. Nilijua. Nimeliandika ubaoni mara sijui ngapi. Lakini meli ya dada ilikuwa kesho na nilitaka auone moto. Ilipofika jioni jiko lilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi juu, kidole kinaingia. Dada akaingiza kidole, akakitoa, akasema, "Hili litanirudisha." Na kweli mbalamwezi ya pili alirudi, tukabomoa, tukakanyaga upya. Hilo la pili ndilo ninalopikia mpaka leo.

Nimekaa nimelifikiria sana jambo hili la maneno kutoka wakati mikono ina kazi. Nadhani ni macho. Mkikaa mmetazamana, kuna maswali ambayo hayaulizwi na majibu ambayo hayatoki. Mtu anaona aibu ya uso. Kazi inashusha macho. Kila mtu ana pa kuangalia. Ukimya nao haumtishi mtu, kwa sababu kazi inaendelea.

Nitawapa mfano mmoja, na mwenyewe amenipa ruhusa kwa simu juzi, akaniambia, "Mama sema tu, ila usinitaje jina." Mkamwana wangu ni mtu wa Tanga. Alipokuja kwangu mara ya kwanza kukaa, siku tatu zilipita kwa shikamoo mama, marahaba mwanangu. Umelala salama? Salama. Chakula kitamu? Kitamu, ahsante. Binti ana adabu mpaka inachosha. (Kicheko) Ilikuwa Julai, viazi vitamu vimeshavunwa, na mimi nina madebe matatu ya kutengeneza michembe. Nikamwekea kigoda na kisu.

Kwa wageni waliomo humu: viazi vikimenywa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa, hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Ukiwa na michembe iliyochemshwa na karanga, na maziwa mgando pembeni, basi njaa ya Januari itakupita mlangoni. Sisi huku hatuna shida ya mahali pa kuanikia. Mungu ametupa majabali. Jabali la nyuma ya nyumba yangu likipigwa jua hadi saa tano huwezi kulikanyaga peku. Unamwaga vipande, unamkalisha mtoto na fimbo kwa ajili ya mbuzi.

Basi tukamenya. Siku ya kwanza akanisimulia jinsi kwao wanavyosuka ukili. Akaniambia pia kwamba pwani wana wimbo wa mgeni, kila siku na chakula chake, na kwao jembe linakuja siku ya nne. Nikamwambia basi nyie ni wakarimu kutuzidi kwa siku moja. Siku ya pili, debe la tatu limefika nusu, akasema bila kuinua kichwa, "Mama, mimi kazini waliniondoa tangu mwezi wa kwanza. Mwanao hajui."

Miezi sita binti alikuwa anaoga asubuhi, anavaa, anatoka, anakwenda kukaa mahali mpaka jioni.

Kama ningeweka kisu chini nikamtazama, angenyamaza hapo hapo. Nikachukua kiazi kingine. Nikauliza, "Na nauli ulikuwa unatoa wapi?" Akacheka. Halafu akalia. Halafu tukamalizia debe. Wiki hiyo hiyo alimwambia mumewe, na nyumba haikuanguka. Leo anapokea michembe yangu kwa basi na kuiuza Tanga kwa watu ambao, nina hakika, wanaidhania ni dawa. (Kicheko, makofi)

Niseme kidogo kuhusu safari zenyewe, maana najua visingizio vyetu. Nina mdogo wangu wa kiume yuko Sengerema. Miaka yote hakuja kwa sababu ya foleni ya kivuko pale Kigongo. Na kweli ilikuwa foleni, mnasubiri mpaka watoto wamemaliza karanga zote mlizobeba kuwa zawadi. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likazinduliwa, kilomita tatu juu ya maji, unavuka kabla hujamaliza kusoma ujumbe kwenye simu. Serikali imekipiga lami kisingizio chake. Nimempigia siku hiyo hiyo. Akasema gari ni bovu. (Kicheko)

Wanaokuja kwa maji ni habari nyingine, na hapo sitanii. Wiki ijayo, tarehe 21, ni kumbukumbu ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba, mwaka 1996. Sisi wa Igoma hatuhitaji kukumbushwa, makaburi tunaishi nayo. Na Septemba 2018 ikawa kivuko cha MV Nyerere, kule Ukara, karibu na kwa dada yangu. Tangu hapo, mgeni wangu akitoka majini naenda kumpokea bandarini mwenyewe, na hata meli ikichelewa saa nne, akishuka simuulizi mbona mmechelewa. Nampokea mzigo.

Turudi nyumbani. Najua kinachowazuia wengi si barabara. Ni pesa. Tumekubaliana kimya kimya kwamba mgeni ni kuku, pilau na soda, na kama mfukoni hamna kuku, basi simu ya mgeni haipokelewi. Nimewahi kuifanyia hivyo simu ya shangazi yangu mwenyewe, nikaiacha inalia juu ya meza huku naitazama. Lakini siku tuliyokanyaga udongo tulikula nini? Sikumbuki. Nadhani dagaa na ugali wa muhogo, tena dagaa aliwaleta yeye. Mtu aliyekanyaga tope asubuhi nzima hatazami ndani ya bakuli kuna nini.

Na wanaume. Jamani, wanaume. (Makofi) Mwanaume akitembelea ndugu zake anawekewa kiti chini ya mti, anapewa chai, na kazi yake ni Simba na Yanga mpaka jua linazama. Mimi siwalaumu, hakuna aliyewaambia kuna kingine. Shemeji yangu mvuvi alipokuja, mlango wangu wa uani ulikuwa na miaka miwili unalia kila ukifunguliwa, mtaa mzima unajua saa ninayokwenda chooni. Nikampelekea bisibisi na bawaba mpya juu ya sinia, pamoja na chai. Akanitazama. "Mimi si mgeni?" Nikamwambia, "Ulikuwa mgeni mpaka jana." Alikunywa chai yote kwanza, polepole, ili nijue hajaamrishwa. Halafu akamwita mjukuu wangu wa miaka tisa amshikie misumari. Wakafanya mlango. Wakafanya na dirisha ambalo halikuwa na tatizo. Jioni yule mtoto alikuwa anajua kufunga fundo la wavuvi, na mpaka leo kila kamba nyumbani kwangu imefungwa namna hiyo, hata ya kuanikia nguo, siwezi kuifungua. (Kicheko)

Sasa msinielewe vibaya mkaenda kuwakamata wageni wenu. Kuna mama wa sokoni niliwahi kumweleza haya, akanijibu, "Mwalimu, mimi nabeba ndizi Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili nikimtembelea mdogo wangu halafu anikabidhi mchi, nageuza." Sikuwa na jibu siku ile, na bado naona alikuwa na haki. Mgeni aliyechoka ni wa kulala. Mgonjwa ni wa kulala. Binti aliyetoka kujifungua akaja kukaa kwa mama yake, huyo hata kijiko asioshe. Na nguo za familia za wiki nzima si jembe la mgeni, huo ni uonevu. Nawajua watu ambao shemeji wa kijijini akifika tu, msichana wa kazi anapewa likizo. Mungu anawaona.

Lakini yule mama wa ndizi nilikuja kumkuta Jumapili moja kwa mdogo wake, amekaa kwenye mkeka, kichwa kimelala mapajani, anasukwa nywele. Saa tatu nzima. Wanacheka, wananyamaza, wanaanza tena. Nikamwambia si unaona! Akasema hii si kazi. Sawa. Mimi nimeiandika kwenye kazi.

Ninachowaomba ni kwamba iwe kitu kidogo ambacho kitaisha, au karibu kiishe, kabla ya safari. Foronya mbili za vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi. Kibuyu chirizi kando ya choo, ambacho ni dumu, kamba na kijiti cha kukanyaga, nusu saa tu. Wavu wa mbu wa dirisha. Achari ya maembe. Na muulize mgeni mwenyewe, maana shangazi yangu huyo niliyemkatia simu, tulipopatana, hakutaka kushona wala kupika. Alitaka kupaka chokaa ukuta wa nje. Ana miaka 74! Alipaka pale mkono wake ulipofika na juu nikaacha hivyo hivyo. Mtu akiniuliza mbona ukuta una rangi nusu, namwambia urefu wa shangazi.

Naona mshereheshaji ameshika rimoti. Namalizia, na sitamalizia kwa maneno.

Wengi wetu tunaishi juu ya mawe. Mabatini, Igogo, Isamilo, hata hapa, udongo wa bustani unautafuta kwa tochi. Ndiyo maana nimeomba uongozi uniletee magunia. Yako 12 nyuma ya hema, na samadi imefika tangu jana, harufu mmeshaisikia mkadhani ni hotuba. (Kicheko) Tunachanganya ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Katikati ya gunia unasimamisha mkebe wa rangi uliotolewa kitako, unaujaza vijiwe, unazungushia udongo nje yake, halafu unauvuta mkebe juu, unajaza tena, mpaka mdomoni. Unabaki na nguzo ya mawe katikati. Maji ukimwaga juu yanafika hadi chini badala ya kuishia kwenye uso. Ubavuni unatoboa matundu kwa kupishana, unachomeka sukuma wiki na chainizi, juu unaweka vitunguu vya majani. Maji uliyosuuzia mboga asubuhi yanatosha. Kiangazi hicho kinakuja, mboga iko mlangoni.

Masharti ni mawili. Gunia moja watu watatu, na msiwe mmetoka nyumba moja. Mama mchungaji, usimshike mkono jirani yako, nimekuona. Nenda kwa yule mama mwenye gauni la kijani ambaye mmekuwa mkisalimiana kwa kichwa miaka yote. Dada yangu yupo pale mbele, shemeji yuko ziwani maana sasa hivi ni giza, na naona yeye ameshaanza kukunja mikono ya gauni, hajasubiri kuambiwa.

Tatizo ni mikebe, tunayo mitatu tu. Wewe kijana chini ya mwembe, ndiyo, wewe mwenye fulana yenye madoadoa, si ni fundi rangi? Nyumbani una mikebe mingapi mitupu? Sita? Haya, chukua bodaboda, nauli nitalipa mimi. Na uje na tindo.